Umbali Usifichwe: Objekti za Java na Miito ya Mtandaoni



Nimeombwa nizungumzie jinsi objekti za lugha ya Java zinavyoitana kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Teknolojia nitakayoitumia kama mfano inaitwa RMI. Ilitoka pamoja na toleo la Java liitwalo JDK 1.1 mwezi Februari 1997, na wengi wa wanafunzi waliomo ukumbini walikuwa hawajazaliwa. Nimeichagua kwa makusudi. Ndani yake kuna uamuzi mmoja ambao kila anayeandika programu za mtandao anapaswa kuuelewa, awe anatumia Java au lugha nyingine yoyote: wabunifu wake walikataa kuuficha umbali. Nitaeleza uamuzi huo ulitoka wapi, unafanyaje kazi, wapi ulipungukiwa, na kwa nini naamini bado tunauhitaji.

Ndoto ya kufuta mipaka

Programu ya Java hujengwa kwa objekti. Kila objekti ina data yake na metodi zake, yaani kazi inazojua kuzifanya, na objekti moja ikihitaji jambo kwa mwenzake huita metodi yake. Wito wa namna hiyo ndani ya kompyuta moja huisha kwa nanosekunde chache, wala haupotei njiani. Watafiti wakajiuliza: je, wito kama huo unaweza kuvuka mtandao bila mwandishi wa programu kuhangaika na soketi, pakiti na baiti?

Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson, waliokuwa maabara ya Xerox PARC huko California, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba inawezekana, na inawezekana vizuri. Katika utaratibu wao, kila upande huwekewa kipande kidogo cha programu kiitwacho stabu. Stabu ya mwitaji huvifunga vigezo ndani ya pakiti na kuzituma. Stabu ya upande wa pili huvifungua, huita kazi yenyewe, kisha hurudisha jibu kwa njia ileile. Objekti ziliposhika hatamu katika uandishi wa programu, wazo hilo lilikua. Muungano wa makampuni ulioitwa OMG uliundwa mwaka 1989, na mwaka 1991 ukatoa toleo la kwanza la CORBA, viwango vya kuziwezesha objekti za lugha mbalimbali kuitana. Matumaini ya zama hizo yalikuwa kwamba objekti inaweza kuwa popote duniani, na mwitaji asijue wala asijali iko wapi.

Novemba 1994, watafiti wanne wa kampuni ya Sun Microsystems, Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, walichapisha makala yenye jina la kinyenyekevu, "A Note on Distributed Computing". Hoja yao haikuwa ya kinyenyekevu hata kidogo. Walisema ndoto ile ina kasoro tangu msingi, kwa sababu wito wa mbali na wito wa karibu vinatofautiana kwa mambo manne: muda wa kusafiri, namna ya kuifikia kumbukumbu, kuharibika kwa sehemu, na kazi kwenda sambamba. Anayezificha tofauti hizo hazifuti. Anazisogeza tu hadi siku ambayo mfumo uko kazini na watu wanautegemea.

Wawili kati yao hawakuishia kukosoa. Juni 1996, kwenye mkutano wa kitaalamu mjini Toronto, Ann Wollrath na Jim Waldo, pamoja na Roger Riggs, waliwasilisha muundo wa RMI. Ndiyo maana ninaiheshimu kazi hii: imejengwa na watu waliokwisha kuandika wazi mahali ambapo kazi za namna yake hushindwa.

Mkataba unaosema ukweli

Tazameni mistari hii michache:

    public interface Akaunti extends Remote {
        long salio() throws RemoteException;
        void hamisha(String kwenda, long kiasi)
            throws RemoteException;
    }

Hiki ni kiolesura, yaani mkataba kati ya mwitaji na mwitwa. Neno `Remote` linamtangazia kila asomaye kwamba objekti ya aina hii yaweza kuwa ng'ambo ya mtandao. Kisha kila metodi, hata ile inayouliza salio peke yake, imeandikiwa `throws RemoteException`: inakiri tangu mwanzo kwamba yaweza kushindwa kwa sababu za safari. Na kukiri huko hakukuachwa kwa hiari. Ukiita metodi hii bila kueleza utafanya nini safari ikishindikana, kompaila inakataa programu yako.

Mitambo iliyo nyuma ya mkataba huu ni rahisi kuieleza. Kwenye seva, objekti yenye kazi halisi husajiliwa kwa jina katika rejista, ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye poti 1099. Mteja huiuliza rejista jina hilo, naye hupewa stabu: objekti ndogo inayotimiza kiolesura kilekile lakini haina akaunti wala pesa ndani yake. Kila metodi inayoitwa kwenye stabu hugeuzwa baiti, husafiri kwa TCP hadi kwenye seva, nayo seva huiita objekti halisi na kurudisha jibu. Zamani stabu zilitengenezwa kwa zana iitwayo `rmic`. Tangu Java 5 ya mwaka 2004 zinaweza kuzaliwa zenyewe programu inapoendeshwa, na mwaka 2020 zana hiyo iliondolewa kabisa katika JDK 15.

Stabu ni mshenga. Hupeleka maneno ya upande mmoja na kurudi na ya upande wa pili, lakini mwenye kauli yuko nyumbani kwake. Mshenga mwaminifu akikuta njia imefungwa hurudi akasema hakupata jibu. Hatungi jibu la kumfurahisha aliyemtuma. `RemoteException` ndiyo kauli ya mshenga huyo.

Muda, na nakala

Katika zile tofauti nne, muda ndio unaoonekana haraka, na Afrika Mashariki tuliujua kabla hatujausoma vitabuni. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti yetu ya kimataifa ilipitia satelaiti zilizo juu ya ikweta kwa umbali wa karibu kilomita 36,000. Ombi lilipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka: kilomita 144,000, yaani karibu nusu sekunde, hata kama seva ilijibu papo hapo. Mkongo wa baharini ulipunguza sana muda huo, lakini haukuufuta. Nuru ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Seva ikiwa mwisho wa kilomita 10,000 za mkongo, kwenda na kurudi ni milisekunde 100. Hakuna mhandisi atakayezipunguza, kwa kuwa hiyo ni sheria ya maumbile.

Chukueni mfumo wa chuo wenye wanafunzi 1,000. Programu inapitia orodha na kumwuliza kila objekti ya mwanafunzi jina, namba ya usajili na alama, kila moja kwa wito wake. Hiyo ni miito 3,000. Ndani ya kompyuta moja itaisha kabla hujapepesa jicho. Kwa milisekunde 100 kila wito, utasubiri dakika 5. Wito mmoja unaorudisha orodha nzima ungemaliza kazi hiyohiyo kwa muda mdogo sana. Msimbo ni sahihi katika hali zote mbili, na majaribio kwenye kompyuta ya mwandishi yatapita yote. Martin Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu usanifu wa programu za makampuni, alifika hadi kuweka sheria ya kwanza ya objekti zilizotawanywa: usizitawanye. Mimi nasema ukizitawanya, fanya kila wito ubebe mzigo unaostahili safari.

Tofauti ya pili ni kumbukumbu. Ukiipa metodi ya karibu orodha, nayo ikaongeza jina, wewe utaliona jina hilo, kwa kuwa orodha ni moja. Kupitia RMI, objekti ya kawaida husafiri kama nakala: hugeuzwa mfululizo wa baiti, kazi tunayoiita kusirialisha, kisha hujengwa upya ng'ambo. Seva ikiongeza jina, imeongeza kwenye nakala yake. Ni objekti zilizotangazwa kuwa za mbali na kuandaliwa kupokea miito tu ambazo hazinakiliwi. Badala yake hupelekwa stabu. Sintaksi ni ileile, maana ni nyingine, na mwanafunzi asiyefundishwa hili atatafuta kosa asilolipata.

Kuharibika kwa sehemu

Sasa nafika kwenye kiini. Kompyuta moja ikizima, imezima yote; hakuna sehemu ya programu inayobaki ikijiuliza mwenzake yuko wapi. Mtandao hauharibiki hivyo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadorora au kukatika katika nchi kadhaa za ukanda wetu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Simu zetu zilikuwa nzima. Seva za Ulaya zilikuwa nzima. Kilichoharibika ni njia iliyo kati yao, na kutoka upande wowote hapakuwa na namna ya kutofautisha seva iliyokufa na seva isiyofikika.

Irudieni metodi ya `hamisha`. Mteja ameita, muunganisho umekatika, `RemoteException` imerudi. Nini kimetokea? Labda ombi lilipotea kabla ya kufika, na pesa hazijaguswa. Labda seva ililipokea ikaanguka katikati ya kazi. Labda seva ilimaliza kila kitu, pesa zikahama, kisha jibu likapotea njiani. Kwa mwitaji, hali hizi tatu zina sura moja. Akirudia wito huenda akalipa mara mbili. Akiacha huenda asilipe kabisa. Maelezo rasmi ya Java hayazunguki katika hili. Kwa `ConnectException`, muunganisho umekataliwa mlangoni, hivyo metodi haikuitwa. Kwa `MarshalException`, yanasema wazi kwamba wito huenda umefika na huenda haukufika, na kwamba ukiutuma tena huwezi kuhakikisha kuwa hautatendeka zaidi ya mara moja.

Hakuna maktaba ya programu itakayoondoa shaka hiyo kwa niaba yako. Dawa iko katika mkataba wenyewe. Mwitaji huunda namba ya muamala kabla ya kuita, na metodi inakuwa hivi:

    void hamisha(String muamala, String kwenda,
        long kiasi) throws RemoteException;

Seva huhifadhi namba hiyo pamoja na matokeo. Ombi lenye namba iliyokwisha kutumika likija tena, seva haihamishi pesa upya. Hurudisha matokeo yaleyale. Hapo mwitaji anaweza kurudia mpaka apate jibu, bila hofu. Kigezo kimoja kimeongezeka, na mfumo mzima umebadilika tabia. Angalieni basi kwamba badiliko hili lisingewezekana kama kiolesura kingechorwa na mtu anayeamini wito huu ni wa kawaida.

Wale watafiti wa Sun walikuwa na ushahidi ndani ya kampuni yao wenyewe: NFS, mfumo unaofanya mafaili ya mashine ya mbali yaonekane kama ya hapohapo. Msimamizi alipewa njia mbili za kuyaunganisha. Kwa njia ya kwanza, seva isipojibu, kosa hurudishwa kwa programu ambayo haikuandikwa kulitarajia, na data inaweza kuharibika. Kwa njia ya pili, programu hukwama ikisubiri mpaka seva iamke, na kompyuta nyingi zinaweza kuganda kwa sababu ya moja. Mkataba wa kufungua na kusoma faili ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya diski ya ndani, ukakosa nafasi ya kusema lolote kuhusu safari.

Kuharibika kwa sehemu kunaigusa hata kazi ya kusafisha kumbukumbu. Java huiondoa objekti ambayo hakuna anayeitumia. Seva itajuaje kwamba mteja wa mbali bado anaitumia? RMI humpa mteja muda maalumu, dakika 10 kwa kawaida, na mitambo ya RMI upande wa mteja inapaswa kuuomba upya kabla haujaisha. Mtandao ukikatika kwa muda mrefu, seva haina budi kudhani mteja amekufa, na inaweza kuiondoa objekti ambayo mteja aliye hai bado anaitaka. Waraka rasmi wa RMI unakiri kwamba rejeo la mbali halina hakika ya kuielekea objekti iliyopo.

Tofauti ya nne nitaigusa kwa ufupi. RMI haiahidi ni thredi gani itakayotumikia wito gani, hivyo wateja wawili wanaweza kuwa ndani ya metodi moja kwa wakati mmoja. Objekti ya mbali iandikwe ikitarajia hivyo tangu siku ya kwanza.

Ukweli ulioachwa nje

Ningekuwa nawadanganya kama ningeishia kwenye sifa. Wabunifu wa RMI waliukiri umbali kwa uwazi, lakini hawakuikiri kwa uwazi uleule hatari ya kumwamini aliye upande wa pili.

Mfululizo wa baiti unaofika kwenye seva ndio unaoamua ni objekti za klasi gani, yaani za aina gani, zijengwe. Anayezituma baiti hizo anaweza kuwa adui. Januari 2015 Chris Frohoff na Gabriel Lawrence walionyesha hadharani jinsi klasi za kawaida zilizomo katika maktaba maarufu, kama Apache Commons Collections, zinavyoweza kuunganishwa ili seva, kwa kuzijenga tu zile objekti, itekeleze amri za mshambuliaji. Metodi yako haijaanza hata mstari wa kwanza, na mgeni ameshaingia. Java iliweka vichujio vya klasi zinazoruhusiwa katika toleo la 9 la mwaka 2017, na kuvirudisha katika matoleo ya nyuma mwaka huohuo. Vilikuwa vimechelewa kwa miaka 20.

RMI ilikuwa pia na uwezo uliowasisimua wengi: kupakua kutoka mtandaoni msimbo wa klasi ambayo mpokeaji hakuwa nayo. Mwaka 2013 uwezo huo ulifungwa kwa kawaida ya mfumo, afunguaye ajue anachokifanya. Lakini wazo la kutafuta objekti kwa jina la mbali na kuiamini lilikuwa limeenea mahali pengine. Desemba 2021 dunia nzima iligutuka kwa udhaifu uliopewa jina Log4Shell: maktaba ya kuandikia kumbukumbu za matukio, Log4j 2, ilikuwa ikisoma maneno yaliyotumwa na mtu yeyote, na yakiwa na anwani ya namna fulani, inakwenda kuitafuta objekti kwenye seva ya mshambuliaji. Chanzo chake ni kilekile. Mfumo ulidhani aliye ng'ambo ni mmoja wetu.

Kuna kasoro nyingine. Mkataba uliokiri kwamba safari yaweza kushindwa haukusema tusubiri kwa muda gani. Kwa kawaida yake, RMI ikishaunganishwa haiwekei kikomo muda wa kusubiri jibu. Seva iliyonyamaza inaweza kumshikilia mteja bila mwisho, mpaka msimamizi aweke kikomo mwenyewe. gRPC, iliyotolewa na Google mwaka 2015, humwezesha mwitaji kutaja kikomo kwa kila wito. Hapo wadogo wamewazidi wakubwa, na ni haki kulisema.

Tulichosahau, na tunachodaiwa

Leo wachache huanza mradi mpya kwa RMI. Bado imo ndani ya JMX, zana za kusimamia programu za Java zinapoendeshwa, lakini Java yenyewe imeondoa CORBA katika toleo la 11 la mwaka 2018, na imeondoa katika toleo la 17 la mwaka 2021 ile sehemu ya RMI iliyoamsha objekti zilizolala. Sina huzuni kwa hilo. Teknolojia hupita. Kinachonisikitisha ni kwamba tulipoiacha, tuliacha na ukweli wake.

Wapo wanaosema kulazimisha kila mwitaji ashughulikie `RemoteException` kulikuwa usumbufu mtupu, kwa kuwa waandishi wengi waliandika kizuizi kitupu kisichofanya lolote, kompaila ikanyamaza, wakasonga mbele. Nawasikia, na wanaeleza jambo lililotokea kweli. Lakini kizuizi kitupu ni kosa linaloonekana. Mwalimu analiona, mkaguzi wa msimbo analiona. Mifumo iliyofuata ilichagua njia nyingine. Spring, kwa mfano, iliruhusu kiolesura kisichotaja umbali popote, na kosa la safari likageuzwa kuwa la aina ambayo kompaila hailidai. Msimbo ulipendeza. Anayeusoma hawezi kujua ni mstari upi unaokwenda ng'ambo. Maktaba nyingi tunazotumia kuzungumza na huduma za mbali zimefuata mtindo huo, na hivyo ndoto iliyokosolewa mwaka 1994 imerudi kwa jina jipya, hata kwa watu wasiojua kwamba iliwahi kukosolewa.

Kwa wanaofundisha, ninaomba jambo moja. Kabla ya kumwonyesha mwanafunzi jinsi ya kuita huduma ya mbali, mpeni programu mbili na mtandao mnaoweza kuukata kwa mkono. Aukate kabla ya ombi kufika, kisha baada ya kazi kufanyika lakini kabla ya jibu. Aone kwamba upande wake unaona kitu kilekile. Somo hilo halihitaji mashine za gharama. Kompyuta mbili kuukuu zinatosha.

Kwa wanafunzi, ninaomba kila mkataba wa mtandao mnaouandika ujibu maswali manne: Tutasubiri kwa muda gani? Wito ukirudiwa, nini kitatokea? Aliyetuma ni nani, na tunaruhusu atume nini? Na mzigo huu unastahili safari hii? RMI iliwalazimisha waandishi wakiri kwamba safari yaweza kushindwa, ikawaachia maswali haya. Mnaojenga mifumo ya malipo, ya hospitali na ya shule kwa ajili ya watu wetu mna wajibu wa kuyajibu ndani ya msimbo, mahali ambapo atakayekuja baada yenu atayasoma.